Kutoka Mkanda hadi Kompyuta: Historia Fupi ya Kumbukumbu za Ukoo katika Picha za Video



Wahenga wetu walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Kauli hiyo huenda ilikusudiwa wafanya biashara, lakini ukoo nao una mali yake, na mali hiyo ni kumbukumbu. Mababu zetu waliandika nasaba katika kurasa za mwisho za vitabu, wakahifadhi barua na hati za nyumba ndani ya masanduku ya njumu. Kizazi kilichowafuata, ambacho kilitawanyika baina ya Unguja, Mombasa, Maskati, Dubai, London na Toronto, kiliacha daftari la namna nyingine kabisa, nalo ni mikanda ya video. Humo zimo harusi, maulidi, safari za kurudi nyumbani kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, na nyuso za wazee ambao wengi wao wamekwisha kutangulia mbele ya haki.

Daftari hili lina sifa moja ya kutia wasiwasi: halisomeki kwa macho. Barua ya mwaka 1920 yaweza kusomwa leo na yeyote ajuaye kusoma. Mkanda wa mwaka 1985 hausomeki pasipo mashine, na mashine yenyewe haitengenezwi tena. Ndiyo maana imeonekana inafaa, katika kijitabu hiki cha mkutano wetu, kueleza mikanda hii ilitoka wapi, iliingiaje majumbani mwetu, na kwa njia gani yaliyomo ndani yake huhamishiwa katika kompyuta kabla ya kupotea.

Kabla ya video

Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, na tena baada ya mwaka 1970, pale Sultani Qaboos aliposhika utawala wa Oman na kuwaita Waomani walioko nje warejee, jamaa nyingi zilijikuta zimegawanyika. Ndugu mmoja alibaki Unguja, wa pili yuko Maskati, wa tatu amefika Uingereza. Simu zilikuwa ghali na zenye kukatika, na barua zilichukua wiki nyingi.

Wakati huo ndipo kaseti ya sauti, ambayo kampuni ya Philips iliitoa mwaka 1963, ilipogeuka kuwa barua. Mtu alikaa mbele ya redio kaseti akasalimia, akataja watoto mmoja mmoja, akawapa jirani zake nafasi nao wasalimie, kisha kaseti ikakabidhiwa msafiri. Hapo ndipo jamaa zetu zilipozoea jambo kubwa: kwamba sauti ya mtu yaweza kusafiri bila ya mwenyewe, na yaweza kubaki baada ya mwenyewe kuondoka. Picha iendayo ilipokuja, ilikuta tabia hiyo imekwisha kuota mizizi.

Mkanda unaonasa picha

Mashine ya kwanza ya kunasa picha za televisheni katika mkanda wa sumaku, iliyofaa kwa kazi ya vituo, ilionyeshwa Chicago, Marekani, mwezi wa Aprili 1956 na kampuni ya Ampex. Iliundwa na kikundi cha mafundi kilichoongozwa na Charles Ginsburg. Miongoni mwao alikuwamo kijana Ray Dolby, ambaye baadaye jina lake lilijulikana kote kwa kazi ya kusafisha sauti. Mashine ile ilikuwa kubwa kama kabati na mkanda wake ulikuwa na upana wa inchi mbili. Haikuwa kitu cha nyumbani.

Wajapani ndio walioiingiza majumbani. Mwaka 1971 Sony ilitoa kaseti ya U-matic, iliyopendwa zaidi na vituo na vyuo; mwaka 1975 ikatoa Betamax; na mwezi wa Septemba 1976 kampuni ya JVC ikatoa VHS, iliyotokana na kazi ya Shizuo Takano na Yuma Shiraishi. Betamax ilipoanza, kaseti yake ilinasa saa moja tu, na VHS ilianza na saa mbili. JVC tena ikawaruhusu wenye viwanda wengine watengeneze mashine za namna yake. Kwa sababu hizo mbili, na nyingine za bei, VHS ilishinda. Sherehe zetu haziishi kwa saa moja, na msomaji ataona kwa nini hata kwetu kaseti ndefu ndiyo iliyochaguliwa.

Kazi ya VHS inastaajabisha ukiitazama kwa utulivu. Mkanda wake una upana wa nusu inchi, na katika nchi zetu hutembea polepole, chini ya sentimita mbili na nusu kwa sekunde. Mwendo huo hautoshi hata kidogo kunasa picha. Kwa hiyo vichwa vya kusomea vimewekwa juu ya pipa dogo lililolala mshazari, linalozunguka mara 25 kila sekunde, nalo huchora mistari ya mlalo wa upande juu ya mkanda, mmoja kando ya mwenziwe. Kaseti ya saa tatu, iliyoandikwa E-180, ina mkanda wa mita zipatazo 258. Katika urefu huo wote, kila mstari una upana mdogo kuliko unywele. Vumbi kidogo, unyevu kidogo, au mkunjo mmoja, hutosha kuufuta uso wa mtu.

Deki yaingia nyumbani

Televisheni haikufika pwani yetu kwa wakati mmoja. Kenya iliianza mwaka 1962. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mapema katika miaka ya 1970, na Oman mwezi wa Novemba 1974. Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote hadi mwaka 1994. Jambo hili lilizaa hali ya ajabu: katika miaka ya 1980 walikuwapo watu wa Dar es Salaam wenye televisheni ndani lakini hawana kituo cha kutazama. Waliinunua kwa ajili ya deki peke yake.

Deki nyingi zilitoka Ghuba. Ndugu aliyekwenda likizo kutoka Maskati au Dubai alibeba deki kama zamani alivyobeba cherehani. Baada ya mwaka 1984, Tanzania ilipowaruhusu wenye fedha za kigeni za kwao wenyewe kuagiza bidhaa, mlango ulifunguka zaidi. Filamu za Kihindi zikahama kutoka sinemani kuja sebuleni, na jirani wakaja nazo.

Kamera ndiyo iliyobadilisha jambo lenyewe. Hapo mwanzo, kunasa kulihitaji kamera mkononi na deki nzito begani. Mwaka 1983 Sony, na mwaka 1984 JVC, zilitoa kamera zilizounganisha vyote viwili katika chombo kimoja. Ikafuata mwaka 1985 kaseti ndogo ya milimita nane, ambayo kamera yake hutosha kiganjani. Tangu hapo harusi bila ya mpiga video ikawa kama pilau bila ya bizari. Baba aliyeko London aliyezuiwa na kazi au na karatasi za uhamiaji kuhudhuria harusi ya bintiye, aliiona harusi hiyo mwezi mmoja baadaye, kwa saa tatu kamili, pamoja na kelele za watoto na mashabiki wa sufuria jikoni. Tusidharau mikanda ile kwa kuwa picha zake zinatikisika. Kwa jamaa wengi ndiyo iliyokuwa njia pekee ya kuhudhuria.

Mifumo miwili, ukoo mmoja

Lakini dunia ilikuwa imegawanyika. Marekani na Kanada zilifuata mfumo wa rangi wa NTSC, uliokubaliwa Marekani mwaka 1953, wenye mistari 525 na takriban picha 30 kwa sekunde. Uingereza, Oman, Imarati, Kenya na Tanzania zilifuata PAL, mfumo uliobuniwa Ujerumani na Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken, wenye mistari 625 na picha 25 kwa sekunde. Kaseti ni moja kwa umbo, na huingia katika deki yoyote ya VHS. Lakini kaseti ya Maskati ikitiwa katika deki ya Toronto hutoa michirizi na ngurumo.

Kwa hiyo mpaka mpya ulipita katikati ya jamaa. Wenye uwezo walinunua deki za mifumo mingi, zilizouzwa sana Dubai. Wengine walipeleka kaseti dukani kugeuziwa mfumo, na waliorudishiwa walipata nakala iliyofifia. Hapo tunafika kwenye udhaifu mkubwa wa mkanda: kila nakala ni pungufu kuliko asili yake, na nakala ya nakala ni pungufu zaidi. Harusi moja iliyonakiliwa Unguja, ikanakiliwa tena Maskati, kisha ikageuziwa mfumo kwa ajili ya Kanada, ilifika huko nyuso zikiwa kama zimetazamwa nyuma ya pazia. Waliozoea nakala hiyo huenda hawajui hata leo kwamba ile ya asili, ikiwa ipo bado katika kabati la mtu, ni safi mara nyingi zaidi.

Kompyuta yajifunza kutazama

Picha ya mkanda ni wimbi la umeme, na kompyuta haijui mawimbi, hujua hesabu. Kwa hiyo kati ya deki na kompyuta huwekwa kifaa kinacholipima wimbi mara nyingi sana na kuandika kila kipimo kama tarakimu. Kanuni ya vipimo hivyo ilikubaliwa kimataifa mwaka 1982: vipimo milioni 13.5 vya mwangaza kwa kila sekunde. Kwa mfumo wa PAL, kila picha huwa na nukta 720 kwa upana na mistari 576 kwa kimo, yaani nukta 414,720, nazo ni picha 25 kwa sekunde.

Hesabu hiyo ndiyo iliyowashinda watu katika miaka ya 1990. Bila ya kubanwa, saa moja ya video hiyo hudai karibu gigabaiti 75. Mnamo mwaka 1995 kompyuta ya nyumbani yenye diski ya gigabaiti moja ilihesabiwa kuwa nzuri, na diski hiyo ingejaa kabla ya dakika moja kwisha. Programu za kuonyesha video zilikuwapo, QuickTime ya Apple tangu Desemba 1991 na Video for Windows ya Microsoft tangu mwaka 1992, lakini picha zake za awali zilikuwa ndogo mithili ya stempu.

Njia ilifunguliwa na elimu ya kubana picha. Kanuni ya MPEG ya kwanza, iliyochapishwa mwaka 1993, iliwezesha zaidi ya saa moja ya video kuingia katika sahani moja ya Video CD. Sahani hizo zilienea mno Afrika Mashariki, na studio nyingi zikageuza kaseti kuwa sahani. Ni lazima tuseme wazi: picha ya Video CD ina nukta 352 kwa 288, ambazo ni kama robo tu ya nukta tulizozitaja. Waliogeuza kisha wakaitupa kaseti walibakia na robo ya picha yao. Waliogeuza na kuiweka kaseti wana bahati, kwani kazi yaweza kurudiwa vizuri zaidi.

Mwaka 1995 zilikuja kamera za DV, ambazo hunasa tarakimu tangu mwanzo. Mkanda wake mdogo ulihamishwa kwa waya wa FireWire bila ya kupungua hata nukta, kwa kiasi cha gigabaiti 13 kwa saa. Kisha mwaka 2000 ikatangazwa USB ya pili, yenye kasi ya megabiti 480 kwa sekunde, na tangu hapo kifaa cha kunasia kikawa kidogo kama kiberiti na chenye bei nafuu. Kwa diski za leo, saa moja ya mkanda si mzigo. Kizuizi kilichobaki kimehama kutoka kompyuta kwenda kwenye mkanda wenyewe na deki.

Saa mbili zinazokimbia

Kampuni ya Funai ya Japani, ambayo ndiyo ya mwisho iliyojulikana kutengeneza deki za VHS, iliacha mwezi wa Julai 2016. Sony iliacha kuuza kaseti za Betamax mwezi wa Machi mwaka huo huo. Tangu hapo kila deki inayoharibika hupunguza idadi ya zilizobaki duniani. Mwaka 2015 hifadhi ya taifa ya filamu na sauti ya Australia ilionya kwamba mikanda ya sumaku ambayo haitakuwa imehamishwa ifikapo mwaka 2025 huenda ikapotea, na mwaka 2019 UNESCO, pamoja na jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti na video, ilianzisha mradi wa kutahadharisha juu ya jambo hilo hilo. Mwaka huo uliotajwa umekwisha kufika. Mkanda haufi kwa tarehe, lakini onyo lile lilitolewa na wajuzi.

Kwetu sisi maadui ni wawili zaidi. Unyevu wa pwani huotesha ukungu mweupe pembezoni mwa mkanda, na joto la Ghuba, hasa katika stoo isiyo na kiyoyozi, hulegeza gundi inayoshika chembe za sumaku.

Hiyo ni saa ya kwanza. Saa ya pili ni ya wazee wetu. Kompyuta huhifadhi uso, lakini haiwezi kusema uso huo ni wa nani. Yule bibi aliyevaa kanga ya kisutu, aliyeketi nyuma ya bibi harusi katika mkanda wa mwaka 1986, anajulikana na watu wachache waliohai. Wakishaondoka hao, tutakuwa na picha safi ya mtu asiye na jina.

Jinsi ya kuifanya kazi

Kwanza, kivunjwe kijino cha plastiki kilicho mgongoni mwa kaseti, ili isije ikafutwa kwa bahati mbaya. Kaseti yenye ukungu isitiwe katika deki kabisa, kwani huchafua vichwa na kuambukiza nyingine. Hiyo ipelekwe kwa fundi. Iliyo salama na isemezwe mbele hadi mwisho kisha irudishwe nyuma, ili mkanda ulegee mahali uliposhikana.

Pili, itafutwe kaseti ya asili, wala si nakala, na ichezwe katika deki ya mfumo wake. Waya wa njano hubeba picha, mwekundu na mweupe hubeba sauti. Deki na kifaa vikiwa na tundu la S-Video, hilo ni bora kwa picha kuliko waya wa njano. Televisheni huvumilia picha inayotetemeka, lakini kompyuta hairidhiki upesi: mkanda mchovu ukiyumba, kompyuta huruka picha, na midomo ikaachana na maneno. Vipo vifaa vya kunyoosha wimbi kabla halijafika kwenye kompyuta, na kwa mikanda mibovu havina badala.

Tatu, saa tatu za mkanda ni saa tatu za kunasa. Hakuna njia ya mkato. Mikanda 40 ya saa tatu ni saa 120. Mtu mmoja akinasa saa nne kila Jumapili atamaliza kwa wiki 30. Vijana wanne wakigawana, kazi ni ya miezi miwili.

Nne, yawekwe mafaili ya namna mbili: kubwa la kuhifadhi, lisiloguswa, na dogo la kutazama. Nakala ziwe tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja ikae katika nyumba ya mbali. Ukoo uliotawanyika una faida hapa: Maskati ikiharibikiwa, London inayo. Na kaseti isitupwe.

Amana ya wanawake

Limebaki jambo zito kuliko yote. Sehemu kubwa ya mikanda ya harusi ni ya upande wa wanawake: siku ya kupamba, na siku ya kuonyeshwa bibi harusi. Walipigwa na mpiga video mwanamke, mabuibui yamevuliwa na nywele ziko wazi, kwa sharti lililoeleweka na kila mtu kwamba mkanda utatazamwa na wanawake. Kaseti ilililinda sharti hilo kwa umbo lake: ilikaa katika kabati la mama, na aliyeitaka aliiomba mkononi mwake.

Faili halina kabati. Likishawekwa katika kompyuta ya pamoja, huweza kufika simu ya mtu asiyejulikana kwa dakika moja, na halirudi. Wapo wanaosema basi mikanda hiyo iachwe ife. Heshima yao tunaielewa, lakini humo ndimo zilimo sauti za mabibi zetu wakiimba na kuusia, na mara nyingi hakuna pengine walipoonekana. Kuiacha ife ni kuandika historia ya ukoo ya wanaume peke yao.

Rai yetu ni kwamba mikanda hiyo inaswe na wanawake wa ukoo, ikae katika diski iliyo mikononi mwao, isitiwe katika mtandao, na wenye nyuso zao walio hai waulizwe kwanza. Anayekataa, neno lake lifuatwe. Aliyefariki, watoto wake wa kike waamue.

Ombi letu

Tunawaomba jamaa wote watakaohudhuria mkutano huu walete orodha ya mikanda waliyonayo: mwaka, mahali, shughuli, namna ya kaseti, na kama ni asili au nakala. Kaseti zenyewe zibaki nyumbani mpaka ijulikane nani atazipokea. Katika mkutano kutakuwa na chumba cha wazee, ambamo mikanda iliyokwisha kunaswa itaonyeshwa kidogo kidogo, na vijana wenye daftari na kalamu wataandika majina kadiri yanavyotajwa. Wanawake watakuwa na chumba chao.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awape umri na afya wazee tulionao, na aujaalie ukoo huu ubaki ukijuana. Wabillahi tawfiq.